Nilivyotupa vipande vya debe vya marehemu, cheni ya Kiboko ikakataa kukaa

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Mimi humu ni msomaji tu, siandiki. Shule yangu iliishia darasa la saba huko kwetu Busia upande wa Kenya, kwa hiyo mtanivumilia. Nitakayoyasema ndiyo yaliyotokea, pamoja na sehemu ambazo zinaniaibisha mwenyewe.

Nilikuwa na rafiki anaitwa Okello. Mwanajeshi mstaafu, Muacholi, dereva kwa miaka mingi. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kidogo kwa sababu ya ajali ya zamani. Kila asubuhi alikata kipande cha katoni, akakikunja na kukiweka ndani ya kiatu cha kushoto, kisha anasimama, anapiga hatua mbili tatu, anasema, "Sasa niko level." Usingejua kwamba ana mguu mfupi mpaka siku amevaa ndala.

Tulikutana Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, mimi nikiwa fundi wa pikipiki. Alikuja na kitu kwenye lori ambacho sijawahi kukiona.

Niwaeleze kidogo, maana najua wengi hamjakiona. Ni gari dogo la magurudumu sita, halina paa, bodi yake ni kama beseni kubwa la plastiki. Linapita kwenye tope, likifika majini linaelea, magurudumu yenyewe yanapiga maji na linakwenda. Halina usukani. Lina mikono miwili, ukivuta wa kushoto, magurudumu ya kushoto yanashikwa breki na gari linageukia huko. Giaboksi iko katikati, na nguvu inafika kwenye magurudumu kwa cheni, kama za pikipiki lakini nene.

Alilinunua likiwa limegonga kisiki na fremu imepinda. Tukalitengeneza pamoja, tukalipa jina Kiboko. Kisha akawa analikodisha kwa watu wanaopima maeneo ya kinamasi kando ya ziwa, na wale wanaokata mafunjo. Okello mwenyewe ndiye aliyemfundisha binti yake Zai, mtu mzima sasa, kuliendesha.

Miaka yote hiyo kazi ya injini ilikuwa yangu. Cheni zilikuwa zake. Hakupenda niziguse, na mimi sikuuliza kwa nini.

Mwaka huu Okello aliugua, akalazwa Mulago, akafariki.

Siku ya kumvalisha, palepale Mulago, nilikuwepo. Mama Zai, mkewe, alisema lazima azikwe na viatu, kwa sababu hajawahi kumwona akienda safari peku. Nilipoinua kiatu cha kushoto, ile katoni ilikuwa bado ndani. Nikaishika ili niitoe. Nilifikiri, maiti atafanya nini na katoni.

Mama Zai akanishika mkono. "Shemeji, iache."

Nikaiacha. Sikuelewa, lakini nikaiacha.

Baada ya mazishi kule kwao Gulu tulirudi Kampala. Gari lilikuwa uani kwa Mama Zai, Kibuli. Kaka zake marehemu walikuwa wamesema hivi: siku ya arobaini watakuja, na kama Kiboko kitakuwa hakitembei, kitakatwa na kuuzwa chuma chakavu, ili mjane asibaki na mzoga uani. Hawakusema kwa ubaya. Lakini wale watu wa kinamasi walikuwa bado wanampigia Zai simu. Kikikatwa, kazi aliyoachiwa na baba yake imekwisha.

Mimi nilikuwa sijui niweke wapi huzuni yangu. Sio mtu wa kulia. Nikaamua kukiosha Kiboko, kiwe safi kabla ya arobaini.

Nilikiosha, wakuu, kama mtu anayeosha mtoto. Nilitoa cheni, nikafungua beringi za ekseli, nikakwangua grisi yote ya zamani. Nyuma ya nyumba za beringi, pale zinapofungwa kwenye fremu, nikakuta vipande vya bati vyenye kutu, vimekunjwa kunjwa. Vilikuwa na maandishi ya debe la mafuta ya kupikia.

Nikasema moyoni, mzee alianza kuchoka, anaacha takataka ndani ya kazi. Nikavifagia pamoja na matambara, nikavitia kwenye gunia, nikaenda kuvitupa Katwe.

Nikarudisha kila kitu, boliti zimekazwa chuma kwa chuma, safi kabisa. Zai akawasha.

Ka, ka, ka, ka.

Nikadhani cheni imelegea, nikaikaza. Kelele ikazidi. Nikaikaza tena. Tulipofika getini cheni ya mbele upande wa kulia ikapanda juu ya meno ya sproketi, lile gurudumu la meno linaloibeba, ikaruka.

Mama Zai akatoka jikoni, mikono ina unga. "Imekuwaje? Baba Zai alikuwa akienda nayo mpaka ziwani."

Hapa ndipo pananiaibisha. Nilimjibu, "Ni fremu, Mama Zai. Marehemu hakuinyoosha vizuri. Alikuwa anajua, akanyamaza."

Aliniangalia, akarudi kwenye unga wake. Kesho yake kaka mkubwa wa marehemu akanipigia kutoka Gulu, nikamwambia hayohayo. Akasema, "Basi tutakata."

Siku tatu sikulala vizuri. Si kwa sababu ya gari. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua: Okello aliyekuwa hawezi kutoka nyumbani bila kuwa level, angeachaje cheni ikiwa upande?

Nikarudi Kibuli. Safari hii sikushika spana. Nilikaa chini nikaangalia.

Cheni iliyolegea hupiga kelele, lakini hailiki ubavuni. Hii ilikuwa imelika ubavu mmoja tu, unang'aa kama sarafu mpya. Hiyo maana yake sproketi mbili haziko kwenye mstari mmoja. Kukaza hakusaidii kitu, kunaharibu zaidi.

Nikachukua kamba ya fundi mwashi, nikaivuta ikiwa imelala juu ya uso wa sproketi ya kati, mpaka mbele. Ilipaswa kugusa na ya mbele pia. Ilipita hewani. Nafasi iliyobaki ilikuwa kama unene wa kadi mbili za benki.

Nikafungua tena nyumba ya beringi ya mbele. Nikapitisha tochi ya simu kwenye fremu.

Kulikuwa na alama. Pembe nne, na matundu mawili ya boliti. Rangi ndani ya pembe hizo ilikuwa bado nzima, nje yake imechakaa. Kitu kilikuwa kimekaa pale miaka.

Ndipo nikakumbuka vile vipande vya bati nilivyovitupa.

Nikapanda boda mpaka Katwe, kwa Ssalongo, Mganda anayetengeneza masufuria na majiko ya bati jirani na karakana yetu. Nilikuwa nimetupa taka zangu kwenye rundo lake. Akanikuta nimeinama, nachakura.

"Mukenya, umekuja kuniibia kutu?"

Nikamweleza natafuta nini. Alicheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Ssebo, vile vipande mimi ndiyo nilikuwa nampa. Mzee anakuja hapa na mguu yake, anasema, Ssalongo, leta debe, nakata viatu vya Kiboko. Anakunja, anapima na kidole, anakunja tena. Mbele kulia tatu, kati moja. Nilimwambia, si uende kwa fundi akuchongee washa, vile visahani vya chuma vya kuweka pale? Akasema Kiboko ni mgonjwa wa mguu kama yeye, na yeye dawa yake anaijua."

Halafu akaniuliza, "Kwani wewe hukujua? Si mlikuwa wote kila siku?"

Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka, na kazi yake nilikuwa sijawahi kuiangalia.

Vile vya zamani hatukuviona. Ssalongo akachukua debe lingine, akakata vinne. Tukakunja. Nikarudi nikafunga, vitatu mbele, kimoja kati. Nikavuta kamba. Ikagusa kati, ikagusa mbele. Cheni nikaikaza kwa kipimo, icheze kidogo ukiisukuma kwa kidole gumba.

Siku ya arobaini nyumba ilijaa. Okello alikuwa Mkatoliki, mkewe ni Mwislamu wa hapohapo Kibuli, kwa hiyo ilisomwa dua, kisha wageni kutoka Gulu wakasali rozari, kisha pilau ikaliwa na wote.

Walipoanza kuzungumza habari ya gari, nikasimama. Mimi huwa sisimami mbele za watu.

Nikasema, "Nilisema marehemu aliiacha ikiwa imepinda. Si kweli. Aliiacha ikiwa imenyooka. Mimi ndiye niliyeipinda, kwa kuiosha."

Kaka mkubwa akauliza, "Kwa kuiosha?"

Nikawaeleza yote, mpaka debe la mafuta.

Akaweka kikombe chini. "Tuone inatembea."

Zai akapanda. Akakitoa getini, akakiweka kwenye uwanja wa udongo mbele ya nyumba, akaachia ile mikono miwili ya kugeuzia, akaweka viganja vyake mapajani. Kiboko kikaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa uwanja, hakikulia, hakikuvuta upande.

Kaka mkubwa akasema, "Hiyo haikatwi." Akarudi kunywa chai.

Mama Zai alikuwa amesimama karibu yangu. Nikamwomba radhi kwa nilivyomsema mumewe.

Akasema, "Shemeji, wewe una mkono wa kutoa. Siku ile Mulago pia ulitaka kumtoa katoni."

Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi ndiye niliyegeuka nikaangalia ukuta.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Cheni ikiruka, vuta kamba kwanza kabla hujaikaza. Na ukikuta kitu cha ajabu ndani ya kazi ya mtu, hata kama kinafanana na taka, jiulize kilikuwa kinashikilia nini kabla hujakitoa. Hasa kama mwenyewe hayupo tena wa kuulizwa.

Kuna fundi ameshaniambia nichonge washa za chuma, ndiyo njia sahihi. Najua hajakosea. Mwenye uzoefu na magari ya cheni aseme kama bati la kukunjwa litaniletea shida huko mbele, nitasoma kila jibu.

Ila kwa sasa nimeviacha vya debe.