Kompyuta Haijui Shikamoo

Krrii-krrii-krrii! Mlio wa ile printa ninao masikioni hadi leo, na kila nikiukumbuka nauma ncha ya kanga, maana jamani, aibu niliyoipata siku ile pale ofisini kwetu Dodoma hata adui yangu simwombei.

Ilikuwa miaka ile ya kupunguzwa wafanyakazi, mimi kibarua wa kuchapa, darasa la saba na kozi fupi ya Mpwapwa (msinicheke). Ikaletwa kompyuta kubwa mpya, nikapewa kazi ya kuhamishia humo mafaili ya watu wote kutoka ile ya zamani, na Mkurugenzi akaniambia, "Ukimaliza salama, binti, nakuajiri. Ukiharibu, rudi kwenu Chamwino ukalime uwele."

Sasa, kwenye mashine kila mtu alikuwa na namba yake, na ile ya zamani ilifuata nani kaandikishwa mwanzo, kwa hiyo mimi mtoto mdogo ndiye namba moja na Mkurugenzi yuko mkiani! Nikaona huu utovu wa adabu, basi kwenye mpya nikawapanga kwa heshima: Mkurugenzi juu, Mzee Masima wa stoo akafuata, mimi mwisho. Nikajisifu kweli. Kumbe mashine haitambui sura wala jina, inatambua namba tu, na aliyechukua namba yangu kachukua na mafaili yangu.

Siku ya uzinduzi, wageni wamejaa, Mkurugenzi akafungua sehemu yake, akakuta faili linaitwa HOTUBA, akalichapisha, printa ikalia weee, akachana karatasi na kuanza kusoma kwa sauti nzito bila hata kuipitia:

"Shikamooni wazee wangu. Leo mimi mama yenu, mkurugenzi wa kwanza mwanamke, nimesimama mbele yenu na kitenge changu kipya..."

Akaigeuza karatasi kutafuta jina la mwenyewe. (Ilikuwa hotuba ya ndoto zangu, nilijiandikia wakati wa chai.)

"Kimekukaa, mama!" Mzee Masima akapaza sauti kutoka nyuma, watu wakaangua kicheko, mimi nikazama nyuma ya mashine, malapa yakabaki nje.

"Wewe! Toka huko! Mkurugenzi hapa nani, mimi au wewe?"

"Wewe, baba. Shikamoo."

Akajikaza, akashindwa, akacheka mpaka akavua miwani. "Marahaba. Rudishia kila mtu namba yake leo leo. Kesho uje tukuajiri, kabla sijakumbuka kukasirika."

Tangu hapo nimeapa: shikamoo nitawapa watu, kompyuta nitaipa namba ilizozizoea.

Jioni, wote wameshaondoka, nilirudisha kila kitu mahali pake, likabaki lile faili langu. Nikataka kulifuta, roho ikakataa. Nikalifunga asilisome mtu mwingine yeyote, kisha, kabla ya kuzima taa, nikakibadilisha kile kitenge cha kwenye hotuba kikawa cha zambarau.