Baba Mkwe Nyuma ya Goli

Siku tuliyocheza na wasichana wa Longisa naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu. Siku ya harusi nilikuwa nimeinamisha kichwa tu. Siku ya Longisa niliona kila kitu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi niliishia darasa la nne, nikaolewa, nikapata kazi ya kupika katika chuo cha ualimu huku karibu na Kapkatet. Mwaka huo ndio wasichana wa chuo walianza timu ya mpira wa miguu. Kabla ya hapo msichana alicheza netiboli, basi. Wa kufunga mabao walipatikana hata wakazidi, lakini golini hakuna aliyetaka kusimama, eti atapigwa mpira usoni akose mchumba. Siku hizo sheria hazikuwa kali, mfanyakazi wa chuo aliruhusiwa kucheza. Kocha aliniona nikidaka kabichi zikirushwa kutoka kwa lori, akasema, "Mama, wewe njoo." Nikavaa kinyasa, ile kaptura ya mpira, nikafunga leso juu yake, mpaka refa akaikataza leso.

Tulifungwa kule Merigi, tukafungwa nyumbani, tukatoka sare mara moja tukaimba kama tumeshinda. Ikabaki mechi ya mwisho, hiyo ya Longisa. Mkuu wa chuo alituambia wazi kwamba tukipoteza hiyo tutashika mkia, na timu ya mkia hainunuliwi mpira mwingine. Uwanja ungerudi kwa netiboli. Sare ingetutosha.

Watu walikuwa wakinicheka, mke wa mtu anakimbizana na mpira, lakini baba mkwe wangu hakuwahi kusema neno. Siku hiyo akaja na kiti chake kidogo, akakiweka nyuma kabisa ya goli langu. Alikuwa amekuja kunishangilia.

Sasa wewe unajua, kwetu mke hamkaribii baba mkwe ovyo. Hapiti karibu naye, hamgusi, na hawezi kuanguka mbele yake magoti yakiwa wazi. Nikajikuta nasonga mbele kidogo kidogo mpaka nikawa nimesimama na mabeki. Wasichana wa Longisa wakaona goli halina mtu. Wakapiga mpira juu ya kichwa changu, ukaingia. Wakapiga mwingine, nao ukaingia. Beki wetu Chelangat akaniuliza, "Mama Kiprono, kwani goli lina nyuki?"

Wakati wa mapumziko nilishukuru, maana tungebadilisha upande. Kuangalia, mzee ameinua kiti chake, anazunguka uwanja polepole anifuate huko kwingine.

Kulikuwa na mpishi mzee tuliyemwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa akituwekea chai. Akaniangalia.

"Unakimbia mpira ama unamkimbia mzee?"

"Mzee, Kogo. Nitaangukaje mbele yake?"

"Umetuma mtu amwambie?"

"Amwambie nini? Asonge? Mimi ni nani?"

"Basi umeamua watu wamcheke mke wa mtoto wake, yeye akiwa hapo, na hajui ni yeye anayekufungisha. Hiyo unaita heshima? Hiyo ni uoga."

Akachukua kikombe cha chai, akampelekea mzee. Maneno yake sikuyasikia, lakini jibu uwanja wote ulisikia. "Kumbe? Mimi nilifikiri hajui kucheza." Akacheka sana, akahamisha kiti mpaka kando ya uwanja, katikati kabisa, mbali na goli.

Nikarudi mahali pangu. Wetu wa mbele wakafunga moja, baadaye wakapata penalti wakafunga la pili. Mwisho mwisho mpira ulikuja chini, kwenye kona ya goli. Nilianguka kwenye matope, magoti, kila kitu, nikaushika. Refa akapuliza filimbi. Sare. Timu ikabaki, na mwaka uliofuata wasichana wa chuo waligombania kuwa kipa.

Jioni nikiwa jikoni nyumbani nilimsikia baba mkwe akimwambia mume wangu, "Mwambie mke wako, siku nyingine asiniache nimharibie kazi nikifikiri namsaidia."

Basi, mwanangu, sizunguki. Mkubwa akikuzuia bila kujua, usinyamaze ukasema ni adabu. Yeye si nabii. Kama huwezi kumwambia mwenyewe, tafuta anayeweza: shangazi, mzee wa kanisa, mtu wa rika lake. Na neno lifike mapema, kabla hujafungwa mawili. Ninyi vijana mnakuja kulia kwangu, mmeacha kazi, mmetoka kwa ndoa, na nikiuliza yule mkubwa aliambiwa nini, mnaangalia chini. Hakuambiwa kitu. Alikuwa amekaa pale anashangaa.

Mungu akupe watu wa kukusemea, na wazee wanaosikia wakiambiwa. Na wewe akuzeeshe vizuri, ili siku wakikuomba usonge, usonge ukicheka.