Namba ya Masika

Nikisikia harufu ya pamba iliyovunwa ikiwa na umande, mwili wangu huchoka kabla sijafanya lolote. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, huko Bwera, mimi na dada yangu Masika tulilala chumba kimoja na pamba hiyo, vumbi lake likitukereketa kooni mpaka asubuhi. Baba alikuwa mwalimu Butembo, Kongo, kabla vita havijatuvusha mpaka. Huku Uganda akawa mkulima, na mgongo wake haukuwahi kuukubali ukulima. Msimu huo ulimlaza kabisa. Masika alikuwa amemaliza darasa la saba na alitaka kwenda sekondari Kasese. Kila jioni aliomba, na kila jioni Baba aligeukia ukutani.

Hatimaye, ili apate kupumzika, Baba alimpa hesabu. Moja saba mfululizo: 1,111,111. “Tafuta namba yenye kuigawanya bila kubakisha kitu,” alisema. “Ukiipata, tutazungumza.” Mwenyewe aliamini kuwa ni namba tasa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe, ndivyo alivyofundishwa shuleni na padri mmoja.

Masika alianza kwa kipande cha mkaa, ukutani juu ya magunia. Mbili na tano aliziacha, kwa kuwa namba ile inaishia na moja. Alijumlisha zile moja akapata saba, basi tatu nayo haikufaa. Saba ilibakisha moja. Kumi na moja, moja. Kumi na tatu, moja tena. Akaendelea na namba tasa peke yake, maana kama sita ingeweza, mbili ingekuwa imekwisha kuweza. Mama alipokandika ukuta upya, Masika alihamia ukuta wa pili. Mchana tulichuma pamba mpaka vidole vikatoka damu. Jioni aligawanya, macho mekundu, akikosea na kurudia. Nilimwomba aache. Akachukua kipande kingine cha mkaa.

Pamba ilikuwa karibu kwisha alipoingia kwa Baba. “Baba, iko inagawanyika. Mia mbili thelathini na tisa, mara elfu nne mia sita arobaini na tisa.”

Baba aliomba mkaa. Alizidisha ukutani kando ya kitanda, polepole, akafuta, akazidisha tena. Zikatoka moja saba. Hakutabasamu. “Nimechoka, mutoto wangu,” alisema. “Pamba atachuma nani?”

Mama, ambaye msimu mzima hakuwa amesema neno juu ya jambo hilo, alikuwa amesimama mlangoni. “Ulimwambia mutazungumza. Zungumza naye sasa.”

Masika alikwenda Kasese. Safu zake za pamba nilizichukua mimi, nikaacha shule nikiwa darasa la tano. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, na sijawahi kumwonea kijicho. Leo watoto wa Bwera huiuliza simu hesabu kama ile, nayo hujibu kabla hawajapepesa jicho. Hulala juu ya magodoro, vyumbani hamna magunia. Nawafurahia. Ila mwaka jana mjukuu wangu aliniuliza, “Bibi, na wewe ulitaka kusomea nini?” Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Niliketi, nikafikiri kwa muda mrefu, na sikukumbuka.