Kitenge cha Mheshimiwa Victorine

Victorine Banza aliingia kwenye siasa kwa kukohoa. Alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee huko Saint-Josse, Brussels, na alitaka barabara ya mbele ichorwe kivuko, kwa sababu wazee wake walivuka kwa kufumba macho na kumwachia Mungu. Akaanza kuhudhuria vikao vya baraza la komini, yaani serikali ya mtaa. Raia waliruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza, si kusema. Basi kila ajenda ilipofika kwenye barabara, Victorine alikohoa. Alikohoa mwaka mzima, mpaka diwani mmoja akamfuata mlangoni.

"Madame, ingia tu kwenye orodha yetu, ukohoe ukiwa ndani."

Uchaguzi wa komini ulikuwa Oktoba 1994. Jina lake liliwekwa mkiani mwa orodha, lakini Ubelgiji mpiga kura anaweza kuchagua jina moja analolipenda, hata la mkiani. Mabibi wote aliokuwa akiwaogesha walichagua la kwake. Mmoja alieleza sababu: "Kwenye orodha nzima, huyu peke yake ndiye anayeujua mgongo wangu."

Akawa diwani, na kivuko kikachorwa. Baada ya hapo Victorine alishughulikia mabenchi, mapipa ya taka na mti uliokuwa ukiziba dirisha la bwana mmoja mkali. Jioni akitoka kikaoni alikwenda kwenye matanga ya Wakongo wenzake akiwa na faili kwapani. Siku zote alivaa suti ya kijivu. Alisema akivaa rangi, madiwani wanatazama nguo na hawasikii hoja.

Mwaka 1999 chama kilimweka kwenye orodha ya Bunge la Mkoa wa Brussels. Katibu wa chama, Bwana Florent, mtu aliyepiga pasi hata kamba za viatu, alimwita kumpa masharti.

"Sheria inakataza zawadi kwa wapiga kura. Si kalamu, si kofia, si puto."

"Hata pipi?"

"Hata pipi, madame. Mpinzani mmoja akilalamika, kiti kinaondoka."

Victorine alielewa, lakini hakuwaambia akina mama Wakongo wa parokia yake, kwa kuwa aliposikia neno zawadi hakufikiria kitenge. Kwetu Katanga kitenge chenye sura ya mgombea si zawadi, ni sare. Nani anawaza kwamba sare ya shughuli yake ni hongo?

Wiki moja kabla ya kura, Maman Viviane, mshonaji wa barabara ya Chaussée de Wavre na kiongozi wa akina mama hao, alimpigia simu. "Kuya mbio, maman. Kuko surprise yako."

Dukani, mezani na sakafuni na hadi juu ya cherehani, Victorine alijikuta anajitazama. Sura yake, kubwa kama sahani, ilicheka ndani ya duara la mahindi ya kijani, kwenye marobota yaliyofika dari. Viviane alikuwa ameshajishonea sketi. Akageuka ili ionekane nyuma.

"Alors? Unaona namna gani?"

"Naona niko nakaliwa, Viviane."

"Ni heshima! Kwetu hata bakubwa ya inchi banakaliwa. Muntu mwenye hakaliwe, haiko muntu ya siasa."

"Umegawa kwa nani?"

"Bado. Kesho kiisha misa, bamaman yote."

Victorine akaketi juu ya robota na kumweleza habari ya Florent, ya zawadi na ya kiti. Uso wa Viviane ukakunjamana.

"Donc unasikia haya juu yetu. Unataka kura yetu, lakini tusikuvae."

"Haiko haya, ni sheria."

"Sheria gani inakatala muntu kuvaa nguo?"

Hapo Victorine aliona amebanwa. Vitenge vikigawiwa, kiti kimepotea. Viviane akinuna, kura za akina mama wenye karatasi za uraia wa Ubelgiji zimepotea, na kiti nacho. Akafikiri kidogo.

"Bon. Mi nanunua yote. Muntu hawezi kujipa zawadi mwenyewe."

"Utafanya nini na mulima yote hii?"

"Nitavaa."

"Wapi?"

"Ku nyumba."

"Non! Kama ni ya kufungia ku nyumba, mi nagawa kesho. Utavaa kule mu parlement, siku ya kiapo, tukuone. Na ile suti yako ya gris ya kila siku, ifungie mu kabati."

Victorine alitazama zile nyuso zake zilizokuwa zikimcheka. Akakubali.

Habari ilienea parokiani, na akina mama wakasema watampigia kura ili tu walione hilo gauni kwa macho yao. Jumapili ya kura, wasio na karatasi waliwasindikiza wenye karatasi hadi mlangoni, wasije wakabadili mawazo njiani. Matokeo yalipotoka, Victorine alikuwa amewaruka wengi waliomtangulia kwenye orodha na kukamata kiti cha mwisho cha chama. Florent alimpongeza kwa kampeni safi.

Mumewe, Papa Polycarpe, alipata mashuka, mapazia na pajama. Alilalamika kwamba analala juu ya mke, chini ya mke, na bado yule mwenyewe yuko pembeni anakoroma.

Siku ya kiapo Florent alikuwa mlangoni. Alipomwona Victorine ameshonewa na Viviane kitenge kuanzia kilemba hadi vifundoni, alifungua kitabu chake cha kanuni, akapekua, akapekua tena, akakifunga. Ndani, mbunge mzee wa kiti jirani alilichunguza gauni kwa adabu.

"Huyu ni malkia wa kwenu?"

"Ni mimi."

Mzee akatazama gauni, kisha uso. "Kweli, mnafanana."

Victorine akaapa kwa sauti isiyotetemeka. Spika akawaomba wabunge wakae. Wote wakakaa, isipokuwa yeye. Alisimama ameshika mgongo wa kiti, maana alijua vizuri Viviane alikouweka ule uso mkubwa kuliko zote. Bunge likangoja. Juu, kwenye viti vya wageni, ambako kusema kumekatazwa, Viviane alishindwa kuvumilia.

"Kaa tu, Maman Députée! Anza weye mwenyewe, bengine batafwata!"

Mlinzi akaweka kidole mdomoni. Akina mama wakaziba midomo kwa vilemba, mabega yakitikisika. Mheshimiwa akashusha pumzi, akakaa.