Sinema Iliyokatika Kanisani Katumba

Nikisikia harufu ya dizeli iliyochanganyika na vumbi, miguu yangu ya kizee huanza kuchezacheza. Hunirudisha Katumba, makazi yetu ya wakimbizi kutoka Burundi, kwenye kanisa letu la matofali mabichi, Jumapili mchana, mablanketi yametundikwa madirishani ili sinema ionekane ukutani.

Nyumbani tulisema Kirundi tu. Mwalimu wa dini, Mkonongo mpole, mwenyeji wa pale, alikuwa amemwambia mama kwamba sitapokea Komunyo ya kwanza mpaka nijibu mafundisho kwa Kiswahili. Mama alikwisha kununua kitambaa cheupe cha gauni.

Mwalimu alikuwa na desturi moja iliyotutesa. Mkanda wa sinema ukiisha, kabla hajaweka mwingine, mtoto mmoja alisimama akasimulia kwa Kiswahili tuliyoyaona. Asiposimama mtu, picha haiendelei.

Siku ile mtoto wa kwenye sinema alipotea sokoni. Mama yake akawa anamwita huku na huku, mara mkanda ukaisha. Mabenchi yalilia kwa jinsi tulivyojipindapinda. Mwalimu akanitazama mimi.

"Haya, mwanangu, tuambie."

Nyuma yangu kijana akafoka, "Sema basi, dada! Ulimi umeuacha Burundi?"

Nikasimama. "Mtoto... amepotea. Mama analia. Anatafuta. Mwalimu, weka!"

Walicheka kanisa zima, lakini mkanda ukawekwa. Yule mama akaingia kichochoroni, akasikia sauti ya mtoto, na jenereta ikazima.

"Mafuta yamekwisha," Mwalimu alisema. "Jumapili ijayo, binti, wewe utanimalizia hadithi."

Wiki ile sikumpa mtu amani. Kuuliza si ujinga: nilimfuata mama wa Kikonongo muuza asali, nikawafuata wapakiaji wa tumbaku, hata dereva wa lori la mahindi. Mtu akimkumbatia mwenzake mnasemaje? Akilia kwa furaha je? "Mtoto huyu atatumaliza!" alisema muuza asali, na bado alinijibu.

Jumapili, kwa Kiswahili, nilimrudisha mtoto wa sinema kwa mama yake, nikitokwa jasho. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mama yangu. "Mshonee gauni."

Miaka mingi baadaye, msibani kwa Mwalimu, mjane wake alinivuta kando akitabasamu. Siku ile mafuta yalikuwepo, akaniambia, jenereta Mwalimu aliizima mwenyewe makusudi.

Nilizoea kusema sinema ilinifundisha Kiswahili. Kweli, ila ilinitia kiu tu. Maji nilichotewa na wenyeji wale tuliodhani wametuchoka sisi wakimbizi, neno moja moja, katikati ya kazi zao. Mungu awalipe.