Florence Alikuja Kazini Siku Moja Baada ya Kufa

Florence alikufa Jumanne, saa nne asubuhi. Karatasi ya hospitali ilisema hivyo, na ilikuwa na muhuri.

Jumatano, saa mbili kasoro, Florence huyohuyo aliingia kazini. Akatundika mkoba wake msumarini, akavua viatu, akakaa kwenye cherehani chake.

"Mama Oola, ule uzi wa bluu umefika?"

Ile karatasi nilikuwa nayo mkononi. Nikaikunja haraka nikaificha kifuani.

"Bado," nikamjibu.

Msinikimbie, hapa hakuna mzimu wala uchawi. Afadhali ungekuwa uchawi, maana mchawi angetafutwa. Aliyefanya haya ni mimi, na nitawaeleza nilivyofanya.

Naitwa Acen, ila mtaani mimi ni Mama Oola. Nina karakana ya kushona sare za walinzi, hapa Nakawa nyuma ya soko. Wale askari mnaowaona kwenye mageti, benki na maduka makubwa, wengi wao nimewavisha mimi. Chumba kimoja cha bati, vyerehani vitano.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu, Sajenti Ocira, alitulea kwenye nyumba za jeshi, na huko ndiko nilikojifunza ujanja ulioniponza.

Kambini kila askari alikuwa na kitabu cha familia. Usipoandikwa humo, zahanati haikujui. Basi binamu yangu Oryem alipoletwa kutoka kijijini, baba hakuhangaika na maombi. Oryem akiugua anapelekwa kwa jina la kaka yangu Okwera. Alitibiwa malaria kwa jina hilo, akashonwa goti kwa jina hilo. Daktari mwenyewe alijua. Alicheka tu akaandika.

Kwetu jina lilikuwa kama sufuria ya jirani. Unaazima, unapikia, unarudisha. Hakuna aliyeona kosa, na mimi nimekua hivyo.

Halafu ikaja hii bima mpya ya afya.

Wenye biashara ndogo tulivurugwa vichwa. Kanuni zilisomwa redioni, kila mtu akaelewa alichotaka kuelewa. Mtaani kwetu tulishika jambo moja tu: ukiwa na wafanyakazi wanne kushuka, mchango wako ni mwepesi. Wakifika watano unahamishiwa kundi la wakubwa, wewe na kibanda chako cha bati, pamoja na makampuni yenye lifti.

Jirani yangu mwenye bekari alifukuza wawili wiki ileile. Fundi wa kuchomelea akasema vijana wake wote ni mashemeji.

Mimi nilikuwa na watano.

Wanne walikuwa wa siku nyingi: Florence, Obwona mkataji, na wengine wawili wa vifungo na pasi. Wa tano alikuwa Estelle, Mkongomani wa Beni. Alikuja na kaka yake Katembo, anayeuza vitenge. Msichana mpole, mshono wake umenyooka kuliko wangu.

Nikajiambia, nawalinda wale wanne, na huyu ni mkimbizi, nani atamhesabu?

Siku maafisa walipokuja kukagua, cherehani cha tano tulikifunika shuka, tukaweka redio juu. Estelle nikamtoa nje na beseni la vyombo.

"Na huyu?" afisa akauliza.

"Ndugu yetu. Amekuja kutembea."

Estelle alisikia. Aliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Kadi zikatoka nne. Florence alikuwa wa kwanza kuitumia ya kwake, alipata kichomi akachomwa sindano akapona. Alirudi anaringa. "Nyabo, nimelala kitanda chenye shuka nyeupe!" Tulicheka wote, na Estelle alicheka.

Wiki iliyofuata Estelle aliniletea fomu. Sijui aliipata wapi. Ilikuwa ya karatasi nzito, ameijaza yote kwa kalamu ya bluu, picha yake imebanwa kwenye kona.

"Mama, niko naomba usaini tu hapa chini. Pesa ya mwenye kazi, unaweza kunikata mie."

Alikuwa tayari kulipa hadi fungu langu. Naomba mlikumbuke hilo.

"Weka mezani," nikamwambia. "Nitaiangalia."

Sikuiangalia. Ningesaini, ningekuwa nimekiri nina watano. Kesho yake akanitazama, keshokutwa akanitazama, halafu akaacha. Nami nikaisahau.

Mwezi mmoja baadaye sindano ya cherehani ilivunjikia kwenye kidole chake.

Tuliitoa kwa koleo, tukamwagia spiriti, akarudi kazini. Tulikuwa na oda ya haraka, kampuni moja ya walinzi ilitaka mashati yote Ijumaa. Yeye mwenyewe alisema si kitu. Ijumaa mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko. Jumatatu hakuja. Jumanne asubuhi alijikokota akafika, anatetemeka kwa homa, eti asinipotezee oda nyingine.

Niliogopa. Haki ya Mungu, niliogopa kweli. Nilimpenda yule binti. Mnaweza kunicheka, lakini nilimpenda.

Florence alikuwa ametumwa mjini kuulizia uzi. Kadi yake ilikuwa kwenye droo yangu, maana kadi zote nilitunza mimi.

Nikaitoa. Sikusita, nilikuwa nimeona baba akifanya hivyo mara ngapi?

Tukapanda boda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika. Njiani nikamwambia sikioni, "Leo wewe ni Florence. Usiongee. Ukifungua mdomo tu watajua wewe ni wa Kongo, na kadi watainyang'anya. Umenisikia?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa wa moto kama pasi.

Hospitali ilikuwa upande wa Bugolobi, jina naliacha, maana wao hawana kosa. Walipokea kadi, wakafungua faili kwenye kompyuta, wakatuingiza bila foleni. Nilijiona mjanja.

Nesi akaja na trei. Alikuwa dada mmoja mtaratibu, Kiswahili kizuri.

"Florence, kuna dawa yoyote inayokukataa?"

Estelle akafungua mdomo.

Nikawahi. "Koo limemvimba, sista. Hawezi kuongea."

Nesi akaangalia skrini. "Sawa. Hapa naona mlikuja mwezi uliopita, mkapewa hii hii ikamkubali. Kuna dawa inayomkataa, mama?"

"Hakuna," nikasema.

Estelle akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima. Akanivuta. Midomo yake ilikuwa inasema kitu, nikadhani anataka maji, au anaogopa sindano. Tena nikaona mlango uko wazi na afisa wa kadi amesimama pale nje.

Nikamfinya. Nikamfinya kwa kucha, kama unavyomfinya mtoto kanisani.

"Nyamaza," nikanong'ona.

Akanyamaza.

Dawa ikaingia. Nesi hakuwa hata ameweka bomba la sindano chini, Estelle akaanza kujikuna shingo. Halafu midomo. Halafu akaanza kuvuta pumzi na pumzi haiji.

Nilikuwa nimesema koo limevimba. Sasa likavimba kweli.

Waliitana, walikimbia, walimpiga sindano nyingine, walimwekea mashine. Mimi nikasukumwa nje. Nilisimama kwenye korido nikihesabu vigae, na mpaka leo sijui kwa nini nilikuwa nahesabu vigae badala ya kupiga kelele kwamba huyo si Florence.

Saa nne wakatoka.

"Pole sana, mama. Tumempoteza Florence."

Nikapokea karatasi. Nikasaini, Mungu anisamehe, nikasaini kama shangazi yake Florence.

Jioni Katembo alinipigia. Nikamwambia dada yake amelazwa, hawaruhusu wageni. Ulimi wangu ulidanganya wenyewe, mimi nikiusikiliza tu.

Ndiyo maana Jumatano nilikuwa nimekaa pale kama gogo, maiti wangu akiniulizia uzi wa bluu.

Mchana Katembo akatokea mlangoni, mfuko wa kavera wenye matunda mkononi.

"Mama Oola, nimezunguka kule kote. Banasema jina Estelle haiko. Dada yangu iko wapi?"

Florence akasimamisha cherehani chake. Obwona akaweka mkasi chini.

Nikaitoa ile karatasi kifuani nikampa.

Aliisoma polepole, Kiingereza chake si kizuri. "Hapa wameandika Florence."

"Florence ni mimi," akasema Florence.

Akatutazama mmoja mmoja. Nilimwona akielewa. Lile kavera likadondoka, machungwa yakabingirika hadi chini ya vyerehani.

"Mama," akasema taratibu, "ulimuficha akiwa muzima. Sasa hata mufu unamuficha."

Nilitamani anipige. Hakunipiga.

Tulikwenda mochwari sote watatu, mimi, Katembo na Florence. Mzee wa pale, Okwir, alifungua daftari. "Estelle hayupo. Kuna Lanyero Florence. Nyinyi ni watu wa Lanyero?"

Florence akaweka kitambulisho chake juu ya daftari.

Mzee akakitazama, akamtazama Florence, akakitazama tena. Alisogeza kiti chake nyuma. Amekaa na wafu miaka yote hiyo, lakini siku ile nilimwona akiogopa.

"Maiti sitoi," akasema. "Nendeni polisi."

Polisi nikasema yote. Afande akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Una kitu gani kinachoonyesha kwamba huyu Estelle alikuwepo kwako? Mkataba? Picha? Jina lake popote?"

Sikuwa na kitu. Nilikuwa nimehakikisha mwenyewe kwamba hakuna. Hata kitambulisho chake cha ukimbizi kilikuwa kimepelekwa kubadilishwa.

Ndipo nikaikumbuka ile fomu. Ilikuwa na picha!

Wakanirudisha karakana na askari mmoja. Nikapekua droo, meza, mafaili, nikapindua magunia ya vitambaa. Hakuna. Nikaanza kulia.

"Mama, unatafuta nini?" Obwona akauliza.

"Fomu ya Estelle. Karatasi nzito, nyeupe."

Obwona akaenda ukutani.

Sisi mafundi hatutupi karatasi. Karatasi za kukatia vipimo tunazitoa popote: kalenda, mifuko ya saruji, mabango ya uchaguzi. Kuna mgombea mmoja hapa uso wake ndio mkono wa kushoto wa shati. Zote tunazitundika msumarini.

Obwona akashusha moja. Kipimo cha kola.

"Ulikata mwenyewe, mama. Ile wiki ya oda. Ulisema unataka karatasi ngumu."

Nikaigeuza.

Kwa upande mmoja, chaki yangu. Kwa upande wa pili, kalamu ya bluu. Kona yenye picha ilikuwa imekatwa, ilishafagiwa zamani. Juu lilibaki *Estel*, mkasi ulikuwa umepita hapo. Chini yake mstari mmoja ulikuwa mzima, haukuguswa:

*Dawa zinazokukataa: PENISILINI. Nilichomwa Beni nikiwa mutoto, karibu nikufe.*

Alikuwa ameniambia. Mwezi mzima kabla, kwa maandishi makubwa ili nisikosee. Na pale kitandani alikuwa anajaribu kuniambia mara ya pili.

Nilikaa chini, juu ya vipande vya vitambaa. Yule askari aliyenisindikiza alikuwa amesimama mlangoni, na nilipoinua macho nikajikuta naangalia kola yake.

Estelle walimtambua kwa alama za vidole alizotoa siku alipovuka mpaka. Alizikwa siku ya tisa, kwa jina lake, Katembo akiwa mbele. Mimi nilisimama mbali. Kesi yangu inaendelea. Karakana imefungwa, na wale wanne niliosema nawalinda wamekaa nyumbani.

Florence kwenye kompyuta bado ni marehemu. Ana mimba ya miezi mitano, na kila akienda kliniki wanamwambia kadi hii ni ya mtu aliyekufa. Ameacha kunisalimia, na sina cha kumlaumu.

Mashati ya ile oda yote yalikatwa kwa karatasi ile. Yako mjini. Nikipita benki, nikipita geti la ghorofa, mlinzi ananiambia, "Karibu, mama," na shingoni mwake naona umbo la ile fomu ambayo sikuisaini.

Wewe mwenye kasaluni kako, kagereji kako, kabekari kako, najua mchango unauma. Uliniuma na mimi. Nenda kalalamike, gombana nao, andamana ukiweza. Lakini ukiulizwa uko na watu wangapi, wahesabu wote, na wakikupa karatasi, isome.