Printa yangu ya rangi ilivyomgeuza bwana harusi mzima kuwa mgonjwa

Wakuu, salaam kwenu, wa mjini na wa machimboni.

Kuna mwenzetu ameuliza kama inafaa kununua printa ya picha na kuiweka nyumbani. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo ya kitaalamu nawaachia wataalamu. Nitaandika nilichokiona kwa macho yangu, na nisipokuwa na hakika nitasema.

Ni mwishoni mwa miaka ya tisini, Ibadakuli, Shinyanga. Nilikuwa mpiga picha wa mitaani. Filamu tunatuma Mwanza kusafishwa, mteja anasubiri mpaka anakununia.

Nikauza ng'ombe. Nikanunua kompyuta iliyotumika, skana na printa ya rangi kwenye duka la Mhindi mmoja mjini. Nimtendee haki: alinionya.

"Bwana, wino wa rangi unaisha upesi. Chukua katriji ya akiba."

Nikaona anatafuta kuniuzia tu. Sikuchukua.

Mashine nikaiweka chumbani. Mke wangu, Mama Kulwa, akahamisha kabati lake la vyombo bila kunisemesha. Vumbi la Ibadakuli mnalijua, basi nikafunga dirisha, nikapigilia khanga, nikawa nafanya kazi kwa balbu mchana kweupe.

Kumbukeni hiyo balbu.

Na picha zilitoka safi, wakuu. Watu walikuwa wanazishika kwa ncha za vidole.

Ndipo akaja Masanja, mchimbaji wa Geita, anataka kuoa Mhunze. Kwetu kijana hatangulii ukweni, anatangulia mshenga. Na mshenga wake alitaka picha kubwa ya rangi ya kuwaonyesha wakwe.

Masanja akanipa kapicha kadogo, nikakapitisha kwenye skana, nikakakuza, nikatoa picha kubwa. Tukaitazama wote chini ya balbu.

"Huyu sasa ndiye mkwe," akasema, akarudi zake Geita kwenye duara lake la dhahabu, maana ukiliacha shimo wenzako hawakusubiri. Nyuma ya picha nikagonga mhuri wangu, nikampa mshenga.

Asubuhi moja akaingia uani mama mmoja mwenye vumbi la safari, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka, mayu. Shikamoo," nikamwitikia kama mama yangu.

"Marahaba. Mwenye mhuri huu ni wewe?"

Alikuwa Mama Nkwimba, mama wa binti mwenyewe. Akaitoa picha pale juani.

Nilishtuka. Masanja alikuwa wa kijani! Macho, midomo, shingo, kama mtu wa kulazwa. Wino mwekundu ulikuwa umekata, na ile balbu ya njano ilinificha.

"Huyu alikuja hapa kwa miguu yake, au alibebwa?"

"Kwa miguu yake, mayu."

"Baba Nkwimba amemrudisha mshenga. Anasema mwanawe haendi kwa mgonjwa wa machimboni. Mtoto analia, hataki kula. Niambie kweli, baba, ni mzima?"

Mnakumbuka miaka ile. Kijana wa machimboni akikonda kidogo tu, watu washaanza kunong'ona.

Ilikuwa rahisi niape. Lakini mimi siyo daktari, na aliyekuwa mbele yangu ni mzazi.

"Mayu, afya ya Masanja siijui, waende hospitali wakapime. Ninachojua mimi, mgonjwa hapa ni printa."

"Hayo ni maneno ya mtu wa biashara."

Mama Kulwa alikuwa anafua. Akadakia, "Mayu, kwani huna picha yako kwenye mkoba? Mwache akutoe na wewe."

Alikuwa nayo, ya harusi ya mdogo wake, mashavu yanang'aa. Nikaikuza kwa mashine ileile. Tukaipeleka juani.

Mama Nkwimba wa kijani.

Akajitazama. Akashika mdomo. Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. "Jamani! Mbona mimi nimeshakufa kabisa!"

Nikamwahidi kuagiza katriji Mwanza nimtolee upya zote mbili.

"Usirekebishe kitu," akasema, akizifunga kwenye khanga. "Leo Baba Nkwimba atachagua. Kama mkwe ni mgonjwa, basi na mimi anizike."

Mshenga akaitwa tena. Vijana walipima wote wawili, maana lile neno langu la hospitali mama hakulisahau. Wakaoana. Picha za harusi nilizitoa mimi, kwa katriji mpya, na kila moja niliikagua kwanza uani, juani.

Ile ya kijani ya Mama Nkwimba, mara ya mwisho nilipofika Mhunze, ilikuwa ukutani katikati ya zile nzuri. Mzee hataki ishushwe.

Kwa hiyo, mwenzetu uliyeuliza: nunua. Mimi ningenunua tena. Ila usidharau katriji ya akiba, na sura ya mtu usiipitishe chini ya balbu. Itoe juani kwanza, ndipo uigonge mhuri.

Huenda printa za siku hizi haziko hivyo. Mnaozijua, nirekebisheni hapo chini, sitanuna. Mama Kulwa naye anasoma humu. Tafadhali msimuulize habari za kabati.